Nani Anaishi Ndani ya Kiroboto-Maji?

Wanangu, mkisimama pale Shimo la Mungu, Newala, mkatazama chini, mnaona bonde la Ruvuma limetandazwa mpaka upande wa Msumbiji. Juu mlipo kuna udongo wa kichanga, mikorosho na vichaka vizito. Maji ya juu hakuna. Mvua ikinyesha inazama mchangani, inakwenda kutokea kwenye chemchemi za mabondeni. Kabla ya mabomba, akina mama wa Kimakonde walishuka alfajiri na mitungi, wakaipanda tena ile miteremko na maji kichwani. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906 kuchunguza maisha ya watu wa Kusini, aliandika habari za watu hawa wanaokaa juu huku maji yao yako chini.

Maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayamwagwi hovyo. Yanawekwa akiba. Na maji ya akiba, yakikaa siku nyingi bila kufunikwa, hupata wakazi. Leo nataka kuwasimulia habari za wakazi hao: wale mnaoweza kuwaona mkiinamia chombo, na wale wanaoishi ndani ya miili ya hao mnaowaona. Nitaanza na ugonjwa, kwa sababu ndio uliolifikisha jina la Newala katika maabara za dunia nzima.

Mwaka 1952 watu wa uwanda wa Makonde walianza kuugua homa wasiyoielewa. Mtu aliamka mzima, jioni hawezi kusimama. Homa ilipanda ghafla, kisha viungo vikashika: vifundo vya miguu, magoti, viwiko, vidole vya mikono. Wengine walitoka vipele. Homa ilikwisha baada ya siku chache, lakini maumivu ya viungo yaliweza kuendelea kwa wiki na hata miezi. Wenyeji hawakumsubiri daktari aupe jina. Waliuita chikungunya, kwa Kimakonde, kwa jinsi unavyomkunja mgonjwa, na jina hilohilo ndilo linalotumika leo India, Brazili na kwingineko.

Daktari Marion Robinson alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Lulindi, upande wa Masasi. Ugonjwa alioletewa ulifanana sana na dengi, na mtu mwenye haraka angeandika "dengi" akafunga daftari. Yeye aliandika alichokiona, dalili kwa dalili. Kwangu mimi hatua hiyo ndiyo ngumu kuliko zote zilizofuata, kwa sababu inamtaka mtu aliyechoka, mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni, akubali kwamba huenda kilichoko mbele yake hakimo katika vitabu alivyosoma.

Habari zikafika Entebbe, Uganda. Huko kulikuwa na taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, ndiyo hiyohiyo iliyokipata kirusi cha Zika mwaka 1947. Mtaalamu wake, W.H.R. Lumsden, alitaka kujua mtu anaambukizwa akiwa wapi. Shambani? Mtoni? Kisimani? Jibu lilikuwa nyumbani. Ndani ya nyumba mlikuwa na vyombo vya maji ya akiba, na ndani ya vyombo mlikuwa na viluwiluwi wa mbu aitwaye Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana.

Mwenzake, R.W. Ross, alichukua damu ya wagonjwa na mbu waliokamatwa majumbani, akavidunga vitoto vya panya maabara. Vikaugua. Hivyo ndivyo kirusi kilivyopatikana mwaka 1953. Hata hivyo Ross hakushangilia mapema. Kirusi kukutwa kwa mgonjwa si ushahidi kwamba ndicho kilichomlaza. Ilibidi aangalie kama damu ya watu waliopona inakizuia, na ilikizuia. Ripoti za Robinson na Lumsden zilichapishwa mwaka 1955, ya Ross ikafuata mwaka 1956, na kirusi alichokitoa kwa watu wa Newala bado kinatunzwa na kutumika katika maabara, kikiitwa kwa jina lake.

Mwaka 2004 ugonjwa uliibuka Lamu, kwenye pwani ya Kenya. Uchunguzi uliofanywa baadaye uliona kwamba robo tatu hivi ya watu wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Watafiti walipotazama hali ya hewa wakakuta ulikuwa wakati wa ukame, ambapo watu huweka maji ndani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Shida ileile ya maji, mbu yuleyule. Kutoka hapo ukavuka bahari hadi Komoro na Réunion, kisha India.

Sasa niwaulize. Mbu aliyewaambukiza watu wa Newala, je, yeye mwenyewe haugui?

Anaugua. Mwaka 1930 mtaalamu aitwaye Kudo alieleza kimelea alichokikuta kwa Aedes aegypti kutoka kisiwa cha Puerto Rico. Leo kinaitwa Edhazardia aedis. Kiluwiluwi aliyejaa kimelea hiki hugeuka mweupe, akavimba, na mara nyingi hufa kabla hajaota mbawa. Kimelea hicho ni cha kundi la mikrosporidia, na kundi hilo ndilo nililotaka kuwafikishia tangu nilipoanza.

Mikrosporidia si virusi, si bakteria, wala si minyoo. Ni jamaa wa kuvu, wale wanaoota kwenye mkate uliokaa, ila hawa wamekuwa wadogo kupita kiasi na wameacha kujitegemea. Wanaishi ndani ya seli za viumbe wengine tu. Hata kile kiungo cha seli kinachotengeneza nguvu kwenye miili yetu, kwao kimebaki mabaki yasiyoweza kazi hiyo, kwa hiyo nguvu wanaiba kwa mwenyeji wao. Wa kwanza kupewa jina, mwaka 1857, alikuwa akiwaua viwavi wa hariri Ulaya. Miaka michache baadaye Louis Pasteur, yule mwanasayansi mkubwa wa Ufaransa, alitumia miaka kadhaa kutafuta namna ya kuwaokoa viwavi hao, na alifanikiwa kwa kuwafundisha wafugaji kupima vipepeo kwa hadubini na kuyatupa mayai ya walioambukizwa. Tangu wakati huo zaidi ya aina 1,500 zimepewa majina.

Chukueni rula ya darasani. Tazameni milimita moja, kisha ikateni kwa mawazo vipande 1,000. Spora ya mikrosporidia, yaani ile hali yake ya kusafiri nje ya mwili, mara nyingi ina urefu wa vipande 3 hadi 5 tu. Ndani ya umbo hilo dogo, lenye ukuta mgumu, kuna mrija mwembamba uliozungushwa mzunguko juu ya mzunguko. Spora inaweza kungoja majini au kwenye matope bila kufanya lolote. Siku ikimezwa na kiumbe anayeifaa, inavuta maji, shinikizo linapanda ndani yake, halafu mrija unafyatuka kwa kujipindua, kama soksi inayogeuzwa ndani nje, na kuchoma utando wa seli ya jirani. Yote hayo huchukua chini ya sekunde 2. Kisha kimelea chenyewe, ambacho ni laini na hakina umbo maalumu, kinapita ndani ya mrija huo na kuingia kwenye seli. Ganda tupu linabaki nje. Sijapata kusoma habari ya kiumbe mwingine mwenye mlango wa namna hii, na kila nikiirudia naipenda zaidi.

Wenyeji wanaopendwa sana na mikrosporidia ni wadudu na samaki, na pia jamaa wadogo wa kaa na kamba wanaoishi kwenye maji baridi. Hao jamaa wadogo mmewaona, ila huenda hamkuwajali. Mkichota maji ya dimbwi kwenye glasi na kuyainua juani, mtaona vitu vinavyorukaruka. Anayeruka juu na kushuka taratibu, mwenye umbo la mviringo, ni kiroboto-maji. Wataalamu wanamwita Daphnia, na ana ndugu wengi. Anayekwenda kwa kushtuka, mwembamba nyuma, na akiwa jike ana vifuko viwili vya mayai ubavuni, ni kopepodi.

Uzuri wa kiroboto-maji ni kwamba mwili wake unaonyesha ndani. Ukimweka chini ya hadubini ya shule unaona moyo wake ukidunda mgongoni, unaona utumbo wa kijani uliojaa mwani alioula, unaona na mayai aliyoyabeba. Hahitaji kupasuliwa. Kwa hiyo akiugua, ugonjwa unaonekana ukiwa ndani ya mwili ulio hai: mahali palipokuwa angavu kama maji pakawa na ukungu, mafuta ya mwilini yakageuka meupe mazito, kifuko cha mayai kikabaki kitupu. Mtu akimbonyeza taratibu kati ya vipande viwili vya kioo na kukuza mara 400, kama ni mikrosporidia zinatoka spora kwa maelfu, vidonge vidogo vinavyong'aa.

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Kwa kweli ndipo inapoanza, kwa sababu spora nyingi zinafanana kwa macho. Nitawapa mfano. Kusini mwa Finland, ufukweni mwa bahari pale Tvärminne, kuna madimbwi ya mawe yenye viroboto-maji. Ndani yao kulikuwa na kimelea kilichochunguzwa kwa miaka mingi, na kila aliyeandika habari zake alikiita Octosporea bayeri, jina la kimelea kilichoelezwa miaka ya 1930. Mwaka 2011 watafiti walikagua upya, wakasoma na vinasaba vyake. Jina halikuwa lake. Kilikuwa kimelea kingine, wakakitengenezea jenasi mpya, na leo kinaitwa Hamiltosporidium tvaerminnensis.

Walijuaje? Kwanza walikata spora vipande vyembamba mno na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni. Kwenye kipande kama hicho mizunguko ya mrija inaonekana imekatwa, na unaweza kuihesabu. Idadi ya mizunguko, matabaka ya ukuta, kuwapo kwa kiini kimoja au viwili, vyote ni alama za kutofautisha aina na aina. Halafu walisoma kipande cha DNA ambacho kila kiumbe mwenye seli anacho, kile kinachotengeneza sehemu ya mtambo wa protini, na kukilinganisha na cha vimelea vingine vilivyokwisha kusomwa duniani kote. Kimelea kikikosa wa kufanana nacho, na maumbile yakithibitisha, ndipo unapoandika maelezo, unahifadhi sampuli mahali ambapo wengine wanaweza kuikagua, na unatoa jina.

Kuna wakati hata hayo yote hayatoshi. Zipo mikrosporidia za jenasi Amblyospora zinazoshambulia mbu. Kwa muda mrefu watafiti walizichukua spora kutoka kwa viluwiluwi waliokufa na kuwalisha viluwiluwi wazima, lakini hawakuambukizwa. Sasa ugonjwa ulikuwa unapitaje? Mwaka 1985 jibu likatoka Marekani na Australia, kwa watafiti waliofanya kazi kila mmoja kwake. Spora za kiluwiluwi aliyekufa huliwa na kopepodi wa dimbwi lilelile. Ndani ya kopepodi kimelea hukua upya na kutoa spora za umbo tofauti kabisa. Kopepodi akifa, spora hizo ndizo zinazomwambukiza kiluwiluwi. Kimelea kimoja, wenyeji wawili, sura mbili. Aliyemchunguza mbu peke yake, au kopepodi peke yake, alishika nusu ya habari.

Ndiyo sababu sikuanza na hadubini, nikaanza na chombo cha maji. Kopepodi na mbu wanagombea maji yaleyale, na kuna kopepodi wakubwa wanaokula viluwiluwi wachanga wa Aedes. Vietnam walilitumia jambo hilo: waliwatia kopepodi wa jenasi Mesocyclops kwenye matangi na mitungi ya vijijini, wakashirikiana na wananchi kusafisha mazingira, na katika vijiji vingi mbu wa dengi wakatoweka kabisa. Kwa nchi yenye maji ya akiba, kopepodi ni mtu wa kujuana naye, na maradhi yake ni ya kujulikana.

Wala msidhani kila mikrosporidia ni muuaji. Hapa kwetu Afrika Mashariki kuna ushahidi mzuri. Taasisi ya icipe, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, ina kituo Mbita, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Jeremy Herren walitangaza kwamba wamekuta mikrosporidia, waliyoiita Microsporidia MB, ndani ya Anopheles arabiensis, mbu wa malaria. Mbu aliyekuwa nayo hakuonekana kudhurika. Mama aliirithisha kwa watoto kupitia mayai. Na mbu hao, hata walipolishwa damu yenye vimelea vya malaria, malaria haikushika ndani yao. Sasa wanatafuta namna ya kuieneza kwa mbu wengi zaidi. Fikirini: kimelea kisichoonekana kwa macho, ambacho kingeweza kupitwa kwa sababu mwenyeji wake alionekana mzima, kimekuwa tumaini dhidi ya ugonjwa unaotuzikia watoto kila mwaka.

Turudi Kusini. Masasi haiko juu ya uwanda. Iko chini yake, magharibi, kati ya milima ya mawe. Masika yakija, mabondeni na pembeni mwa miamba hiyo maji hujikusanya kwenye madimbwi, na kiangazi yanakauka mpaka tope linapasuka. Viroboto-maji wamelizoea jambo hili. Dimbwi linapokaribia kukauka, jike hutaga mayai ya namna nyingine, yaliyofungwa kwenye ganda jeusi, yanayoweza kulala kwenye udongo mkavu na kuanguliwa mvua ikirudi. Kule Finland imeonekana kwamba kimelea nacho hujificha humohumo: mama mgonjwa hukipitisha ndani ya mayai hayo magumu, kikalala nayo, kikaamka nayo. Kwa hiyo dimbwi lililokuwa kavu tangu Julai linaweza kuamka Desemba likiwa na mwenyeji na mgeni wake pamoja.

Hilo linaweza kuangaliwa na mwanafunzi wa sekondari wa Masasi, Newala, Tandahimba au Nanyumbu. Gharama yake ni ndogo. Unahitaji kikombe chenye mpini mrefu, glasi, kitambaa cheusi cha kuweka nyuma ya glasi ili weupe uonekane, na daftari. Msiingie majini kwa miguu, maana kichocho kiko kwenye madimbwi mengi. Chota ukiwa umesimama ukingoni, na unawe kwa maji safi na sabuni. Tenga wale wanaoonyesha ndani na wale walioingia ukungu. Hesabu wagonjwa wangapi kati ya wazima wangapi. Rudi dimbwi hilohilo baada ya wiki, uhesabu tena, kwa sababu ugonjwa mwingi wa viumbe hawa hupanda na kushuka ndani ya msimu mmoja. Wagonjwa wachache watiwe kwenye kichupa chenye spiriti kali isiyochanganywa rangi, inayotunza DNA, na kichupa kiandikwe kwa penseli, maana spiriti hufuta wino.

Kufika kwenye jina jipya kunahitaji maabara, na hiyo ipo nchini. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kina wataalamu wa vinasaba, na Ifakara kuna watu waliozeeka wakichunguza mbu. Wao hawawezi kukaa kando ya kila dimbwi la Kusini kungoja mvua. Nyinyi mko hapo tayari.

Basi nyumbani fungeni matangi na mitungi kwa mifuniko au kitambaa kisichopitisha mbu, na maji ya kunywesha kuku myamwage kila baada ya siku chache, maana Aedes bado yupo na chikungunya bado haijaondoka duniani. Na mvua za kwanza zikinyesha, mkimwona kiroboto-maji aliyegeuka mweupe, andikeni tarehe, jina la kijiji, na kama dimbwi ni la mwambani au la udongo, kisha mpelekeeni mwalimu wa baiolojia kabla maji hayajakauka.